KAKAO YA GHANA: NI NANI MWENYE UWEZO WA KUNGOJA?

Wako mabwana, na si wote Wazungu, ambao kila ifikapo tarehe 6 Machi huandika makala ya kuicheka Ghana. Maneno yao ni yale yale. Husema kwamba nchi ile ilipojitawala mwaka 1957 ilikuwa na akiba ya pauni milioni 200 hivi, ilikuwa na barabara na shule, na ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza kakao. Kisha watu weusi wakakabidhiwa funguo, na haikupita miaka 9 sanduku likawa tupu. Halafu huongeza, kwa sauti ya huruma, kwamba Desemba 2022 nchi hiyo hiyo ilisimamisha malipo ya madeni yake ya nje, na Mei 2023 ikapewa mkopo wa dola bilioni 3 na Shirika la Fedha la Kimataifa, ikiwa ni mara yake ya 17 kupiga hodi mlango ule. Mwisho hutikisa kichwa na kutuuliza: uhuru wenu umeleta nini?

Swali hilo tunalipokea. Hatulikimbii, kwa sababu jibu lake limo katika hesabu, na hesabu haina rangi. Lakini kwanza nasi tunawauliza mabwana hao: hizo pauni milioni 200 zilikuwa jasho la nani, zilichukuliwa kwa njia gani, na siku ile ya uhuru zilikuwa zimewekwa wapi? Wakilijibu hilo kwa uaminifu kicheko kitawaisha.

WAKULIMA WALIPOFUNGA GHALA

Mti wa kakao haukuota Gold Coast kwa asili. Mhunzi mmoja aitwaye Tetteh Quarshie alirudi na mbegu zake kutoka kisiwa cha Fernando Po katika miaka ya 1870, akazipanda Mampong Akuapem. Hakuna gavana aliyewaamuru watu waulime mti huo. Walinunua ardhi kwa fedha zao, wakafyeka msitu kwa mikono yao, wakapanda, wakangoja miaka mpaka mti uzae. Na kufika mwaka 1911 nchi yao ilikuwa ya kwanza duniani kwa kakao. Wanaosema Mwafrika hajui biashara waikumbuke kazi hiyo.

Walichokosa ni sauti katika bei. Kakao ilinunuliwa na makampuni machache ya Kizungu yenye meli, maghala na mabenki nyuma yao. Mwaka 1937 makampuni hayo, United Africa Company na Cadbury wakiwamo, yaliandikiana mkataba wa kugawana ununuzi ili asiwepo wa kumpita mwenzake kwa bei. Habari zikawafikia wakulima. Wakafanya jambo ambalo makampuni hayakulitazamia: wakafunga ghala. Tangu Novemba 1937 mpaka Aprili 1938 kakao haikuteremka kwenda bandarini ila kidogo sana, na bidhaa za madukani mwa makampuni hayo wakazisusia. Machifu wakaingia upande wa wakulima. Serikali ya London ikalazimika kupeleka tume, Tume ya Nowell, nayo ilipomaliza kazi yake haikuweza kuutetea mkataba ule.

Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana ndilo linalofungua mengine yote. Mnunuzi wa London au New York hana akili kuliko mkulima wa Akuapem. Ana kitu kimoja tu cha kumzidi: anaweza kungoja. Ghala yake ina mali ya miezi kadhaa, na benki inamwamini. Mkulima naye anadaiwa ada ya mtoto, dawa ya mgonjwa na mshahara wa kibarua, kwa hiyo huuza leo kwa bei ya leo. Wakulima wa 1937 walijifunza kungoja miezi sita, na kwa miezi sita wafalme wa chokoleti walikosa usingizi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na wa pamba wa Usukuma, waliounda vyama vyao ili wasiuze mmoja mmoja kwa mwenye duka, hawahitaji kuelezwa zaidi.

BODI ILIYOTUNZA AKIBA YA WATU

Ilipokuja vita ya 1939, Serikali ya Kiingereza ikajifanya mnunuzi pekee. Vita ikaisha, mnunuzi pekee hakuisha. Mwaka 1947 ikaundwa Bodi ya Kakao ya Gold Coast. Maelezo yake yalikuwa matamu: bei ikipanda Bodi itaweka akiba, bei ikishuka itaitoa akiba hiyo impe mkulima, asiumie. Nani angekataa? Hata sisi tungepiga makofi.

Sasa tazameni hesabu. Mwaka 1954 tani moja ya kakao ilipita pauni 400 katika soko la London. Mkulima alilipwa shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60. Fanyeni hesabu wenyewe: ni pauni 134 na kidogo kwa tani. Hata tukitoa gharama za magari, magunia na meli, sehemu kubwa ya jasho lile haikumfikia mwenye jasho. Nyingine ilikwenda Serikalini kama ushuru. Nyingine ilikwenda kwenye akiba. Na akiba hiyo ilikuwa London, katika hati za mkopo za Serikali ya Kiingereza. Kwa Kiswahili chepesi, mkulima wa Gold Coast, ambaye kijiji chake hakikuwa na bomba la maji, alikuwa akimkopesha Mwingereza ajenge upya nchi yake baada ya vita. Tena dola zilizolipwa na Wamarekani kwa kakao ile ziliingia katika mfuko mmoja wa himaya, wakati ambapo Uingereza ilikuwa na kiu ya dola kuliko kitu kingine chochote.

Hizo ndizo pauni zinazosemwa. Wakoloni hawakutuachia zawadi. Waliacha risiti.

Na ubaya wake mkubwa ni huu: fedha zilizochukuliwa zilikuwa ndizo fedha za kungojea. Mkulima ambaye angelipwa bei yake katika miaka mizuri angeweza kufunga ghala katika miaka mibaya kama alivyofanya 1937. Bodi ilimnyang'anya uwezo huo kwa jina la kumlinda.

MAKOSA YA UPANDE WETU

Hapa tutawaudhi baadhi ya rafiki zetu, maana hatukuahidi kuwasema wakoloni peke yao.

Kwame Nkrumah na chama chake cha CPP, kilichoanzishwa tarehe 12 Juni 1949, walimtoa Mwingereza pale bila ya kuimwaga damu ya mtu. Damu iliyomwagika ilimwagwa na upande mwingine, tarehe 28 Februari 1948, askari wa zamani wa vita walipopigwa risasi Accra wakiandamana bila silaha. Heshima hiyo ya Nkrumah hakuna wa kuifuta, wala sisi hatuna haja ya kuifuta. Lakini bei ile ya shilingi 72 haikuwekwa na gavana. Iliwekwa na Serikali ya CPP, Agosti 1954, kwa sheria, iwe vile vile kwa miaka minne, wakati soko lilikuwa likipanda. Serikali ilisema fedha zinatakiwa kujenga nchi. Ni kweli zilitakiwa. Lakini mkulima hakuulizwa, aliambiwa.

Mwezi uliofuata kukazaliwa Kumasi chama cha National Liberation Movement, kikiongozwa na Baffour Osei Akoto na kuungwa mkono na machifu wa Ashanti. Chama hicho hatukisifu. Kilitaka kuikata nchi vipande vya majimbo, na ndani yake walikuwamo mawakala wa kakao na wenye mashamba makubwa waliokuwa wanyonyaji wa vibarua wao wenyewe. Wala si kila mwenye shamba la kakao ni kabwela. Bomu na panga zikaingia mitaani. Lakini jambo la haki likiachwa njiani, yeyote hupita akaliokota, na CPP ndiyo iliyoliacha njiani.

Mambo yakaendelea hivyo. Mwaka 1959 Baraza la Wakulima, ambalo lilikuwa mkono wa chama, likatangaza kwamba wakulima wametoa kwa hiari shilingi 12 katika kila mzigo kwa ajili ya Mpango wa Pili wa Maendeleo. Bei ikawa shilingi 60. Tunajua hiari ya namna hiyo. Mwaka 1961 ikaja akiba ya lazima, sehemu moja katika kumi ya fedha ya mkulima, na sehemu ya mshahara wa mfanyakazi pia. Septemba ya mwaka huo wafanyakazi wa reli wa Sekondi na Takoradi wakagoma, na viongozi wao wakatiwa ndani. Mwaka huo huo Baraza la Wakulima likapewa peke yake kazi ya kununua kakao yote. Mkulima asiyeridhika na mizani ya karani hakuwa na mizani nyingine ya kwenda. Kamati iliyochunguza ununuzi huo baada ya 1966 ilisikiliza malalamiko mengi ya mizani iliyochezewa. Waliounda kamati hiyo walikuwa wapinduzi wenye kutaka kumchafua Nkrumah, hilo tunalijua. Lakini mkulima aliyeibiwa ratili tatu hakuhitaji mpinduzi kumweleza kwamba ameibiwa. Kufika 1965 mzigo ulikuwa shilingi 40.

Je, fedha zililiwa zote? Hasha. Wanaocheka hawasemi kwamba bandari ya Tema ilifunguliwa 1962, kwamba shule za msingi ziliondolewa ada tangu 1952, kwamba kakao ilisomesha vijana mpaka Chuo Kikuu cha Legon na ng'ambo. Kuna viwanda vilivyojengwa kwa akili na viwanda vilivyojengwa kwa sababu mchuuzi wa mashine kutoka Ulaya alikuja na mkoba wake, akatoa mkopo wa muda mfupi, bei yake imekwishaongezwa juu, na waziri fulani akaonjeshwa kidogo. Mikopo hiyo ya wachuuzi ndiyo iliyomkaba Nkrumah shingo. Vibaraka walikuwa wawili: aliyetoa na aliyepokea.

GHALA ZA TEMA

Katika yote aliyoyafanya Nkrumah, lililo karibu kabisa na shabaha ndilo linalochekwa zaidi. Aliamuru zijengwe Tema ghala kubwa za zege, ndefu kama minara, za kuhifadhia kakao. Nia yake ilikuwa wazi: bei ikiwa mbaya Ghana ifunge mlango, ingoje. Yale yale ya 1937, ila safari hii kwa mkono wa dola iliyo huru. Wataalamu walisema kakao haitadumu humo kwa joto na unyevu wa pwani, na ghala zile hazikuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa. Zilijengwa kwa mikopo ya wachuuzi tuliyoitaja.

Mwaka 1962 nchi zenye kakao, Ghana, Nigeria, Ivory Coast, Cameroun na Brazil, ziliunda umoja wao. Mwishoni mwa 1964 bei ilipozidi kuanguka wakasimamisha mauzo. Wanunuzi hawakubabaika. Walikuwa na mali ghalani, nao walijua kwamba Ghana imevuna mavuno makubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana, zaidi ya tani 550,000, haina pa kuyaweka, na akiba yake ya fedha imekwisha. Wakakaa kimya wakahesabu siku. Haukupita muda, mapema 1965, umoja ukalegea na kakao ikamwagwa sokoni. Mwaka huo tani iliteremka chini ya pauni 150, ile iliyokuwa imepita 400.

Angalieni basi ni nini kilichomshinda Nkrumah. Mwaka 1947 mpaka 1957 akiba ya kungojea ilikuwako, lakini ilikuwa London ikimfanyia Mwingereza kazi. Mwaka 1964 ilipohitajika ilikuwa imekwishatumika, na mkulima, ambaye peke yake angeweza kungoja na gunia lake nyumbani, alikuwa amekamuliwa na Bodi muda wa miaka 17.

Na bwawa la Akosombo? Lilifunguliwa tarehe 22 Januari 1966, mwezi mmoja kabla ya mapinduzi. Maji yake yalifunika vijiji zaidi ya 700 na watu 80,000 hivi wakahamishwa. Umeme wake mwingi uliuzwa kwa kiwanda cha alumini cha Valco, mali ya makampuni ya Kimarekani ya Kaiser na Reynolds, kwa bei ya kidogo zaidi ya robo ya senti ya Kimarekani kwa uniti, katika mkataba wa miaka 30. Ghana ina udongo wa alumini wake mwenyewe, kule Awaso na kwingineko. Lakini kiwanda kililetewa malighafi iliyokwisha kusafishwa ng'ambo, kikaitia moto kwa maji ya mto Volta, kikaisafirisha tena. Nkrumah aliujua ubaya wa mkataba, akautia sahihi kwa sababu bila Kaiser wakopeshaji wasingetoa fedha za bwawa. Bei hiyo haikupandishwa kwa haki mpaka Serikali ya Jerry Rawlings ilipokaza kamba katika miaka ya 1980. Aliye na haja hana mkataba mzuri. Taa za Accra ziliwaka, hilo ni kweli, na tunalifurahia.

WALIOFUATA

Tarehe 24 Februari 1966 askari na polisi walimpindua Nkrumah akiwa safarini kwenda Hanoi. Walisema wanaiokoa nchi na ufukara. Tunauliza: je, waliivunja Bodi? Hawakuivunja. Walimrudishia mkulima udhibiti wa bei? Hawakumrudishia. Mrija ulibaki pale pale mgongoni, midomo tu ndiyo iliyobadilishana zamu.

Dakta Busia, aliyechaguliwa 1969, alianza kwa kuwafukuza wageni wasio na hati mwaka huo huo, na kati yao walikuwa maelfu ya vibarua kutoka Upper Volta, Niger, Togo na Nigeria, watu waliokuwa wakipalilia na kuvuna kakao ya Ghana. Mashamba yakaota magugu. Desemba 1971 akaishusha thamani ya fedha kwa kishindo, na Januari 1972 Kanali Acheampong akampindua. Huyu alianza vizuri: alikataa kulipa sehemu ya madeni ya wachuuzi, akawaambia watu walime wajilishe. Tulimpigia makofi wengi. Kisha makofi yakageuka. Vibali vya kuagiza bidhaa vikawa vinagawiwa kwa vimemo, wenye vimemo wakawa matajiri bila ya kutoa jasho, na Waghana wakalitungia jambo hilo jina lao, kalabule. Yeye na wakuu wengine wa jeshi walipigwa risasi Juni 1979.

Na mkulima? Bodi ilimlipa kwa sedi, na sedi kwa hesabu ya Serikali ilikuwa 2.75 kwa dola moja, huku mitaani dola ikiuzwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo alikuwa akilipwa karatasi. Bodi yenyewe ilivimba mpaka ikawa na waajiriwa zaidi ya 100,000, na wengi walikuwa wafanyakazi hewa, majina yasiyo na miili. Mkulima hakuandika barua ya malalamiko. Aliubeba mzigo kichwani usiku, akavuka mpaka kwenda Ivory Coast au Togo, akauza kwa faranga. Wengine waliacha miti ife wakapanda mihogo. Serikali ikaita magendo. Sisi tunaita mgomo wa watu wasio na chama. Nchi iliyovuna tani zaidi ya 550,000 msimu wa 1964/65 ilivuna kiasi cha tani 160,000 msimu wa 1983/84, baada ya ukame na moto wa mwituni uliotekeza mashamba mengi. Mwaka huo huo wa 1983 Nigeria ilikuwa imewafukuza Waghana zaidi ya milioni moja, wakarudi nyumbani kwenye njaa.

KUUZA KABLA YA KUVUNA

Ndipo lilipoingia Shirika la Fedha. Rawlings, aliyekuja na maneno ya mapinduzi, alitia sahihi mashauri ya Washington mwaka 1983. Tusiwe wanafiki: bei ya mkulima ilipandishwa, waajiriwa hewa wakapunguzwa, kakao ikaanza kurudi ghalani badala ya kuvuka mpaka. Lakini hospitali na shule zikadai fedha mlangoni, na wafanyakazi maelfu wakatolewa kazini. Pia tangu msimu wa 1992/93 Bodi ikaanza desturi mpya: kila mwaka, kabla ya mavuno, ilikopa fedha kwa kundi la mabenki ya nje, na rehani yake ilikuwa kakao ambayo imekwishauzwa kwa mkataba ingali juu ya mti.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wanaijua rehani tangu enzi za babu zao. Mwenye karafuu akichukua fedha kwa tajiri kabla ya msimu, si mwenye karafuu tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa taifa zima. Anayekula mavuno ya kesho leo hana cha kungojea.

Tukaiona athari yake mwaka 2024. Magonjwa ya miti, mvua mbaya na wachimba dhahabu wanaofukua mashamba, wale wanaoitwa galamsey, walishusha mavuno ya Ghana msimu wa 2023/24 yakawa nusu tu ya yale ya miaka mizuri. Kakao ikaadimika duniani. Bei ikapita dola 10,000 kwa tani kabla ya nusu ya mwaka, na Desemba 2024 ikapita 12,000. Hajatokea mtu aliye hai aliyewahi kuona bei hiyo. Na Ghana? Ilikuwa imekwishauza kakao nyingi zamani, kwa bei ya zamani, sehemu ndogo ya hiyo. Mkulima alianza msimu ule akilipwa sedi 1,308 kwa gunia la kilo 64, ikapandishwa Aprili 2024 kuwa 2,070, na Septemba kuwa 3,000. Na njia za usiku za mpakani zikajaa tena. Msimu wa 2024/25 Bodi iliachana na mkopo wa mabenki ya nje, jambo tunalolisifu, lakini ikategemea wanunuzi watangulize fedha. Amemkimbia mwenye benki akaangukia kwa mwenye kiwanda. Agosti 2025 Serikali ilitangaza sedi 51,660 kwa tani, sawa na dola 5,040. Ilikuwa bei nzuri kuliko nyingi zilizopita, ila ilikuja wakati soko la dunia limekwishaanza kuteremka. Kila mara mkulima wa Ghana hufika sokoni jua likizama.

Wenye kucheka watasema: basi tatizo ni Bodi, ivunjwe, kila mtu auze atakavyo. Nigeria ilivunja bodi zake mwaka 1986 na hatukuona wakulima wake wakiwapangia bei wanunuzi wa Amsterdam. Mkulima mmoja mmoja mbele ya makampuni matano ni kuku mbele ya mwewe. Tunalolitaka sisi ni jingine.

Ghana na Ivory Coast pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia. Mwaka 2019 walipatana kudai dola 400 za nyongeza katika kila tani kwa ajili ya maisha ya mkulima, kuanzia msimu wa 2020/21. Makampuni yalikubali kwa mdomo mzuri, halafu yakapunguza nyongeza nyingine za zamani, mpaka mkono mmoja ukachukua uliotolewa na mwingine. Novemba 2020 nchi hizo mbili ziliishitaki hadharani kampuni ya Hershey ya Marekani kwa kununua kakao katika soko la mikataba ili kuikwepa nyongeza hiyo, zikasimamisha miradi yake ya kujitangaza kwa wema. Baada ya siku chache mambo yakasuluhishwa. Tunauliza kwa nini siku chache. Ni kwa sababu miji miwili hiyo, Accra na Abidjan, yote ilikuwa na madeni ya kulipa, na kakao iliyokwisha kuuzwa kabla ya kuvunwa haiwezi kuzuiwa na mtu.

Kwa hiyo kazi ya kufanywa Ghana inaonekana, na haianzii Washington. Fedha ya bei nzuri iwe ya mkulima, iwekwe kwa jina lake katika chama chake, katika benki ya Kumasi au Sunyani, ambapo waziri hawezi kuigusa siku ya uchaguzi. Mikataba ya kuuza mapema itangazwe gazetini: tani ngapi, kwa nani, bei gani, ili mkulima ajue kabla ya kupanda kama kakao yake ni yake. Kakao isagwe Tema na Takoradi, na viwanda vyenyewe visiwe vya wageni peke yao, kwa sababu unga na siagi ya kakao huwekwa ghalani kwa urahisi kuliko gunia la mbegu. Ghala zijengwe za kudumu joto la pwani, za Accra na Abidjan pamoja, kwa hesabu moja, ili siku mmoja akifunga mlango mwenziwe asiufungue wa nyuma. Februari 2023 wazee wastaafu wa Ghana, jaji mkuu wa zamani akiwa kati yao, walikaa nje ya Wizara ya Fedha wakiwa na mabango kudai Serikali isiziguse hati zao za akiba. Walizinusuru. Wakulima wa kakao, ambao akiba yao ilichukuliwa tangu 1947, hawajawahi kukaa mlangoni hapo. Nao ni kaya laki nyingi.